KUNI ZA KUBANIKIA SAMAKI NA NYAMA: NAMNA YA KUCHAGUA, KUKATA NA KUKAUSHA

Ukipita jioni katika vijiji vya Nakivale vilivyo karibu na ziwa, utaona moshi ukipanda nyuma ya nyumba nyingi. Hapa mama anabanika kambale, pale kijana anachoma nyama ya mbuzi ya kuuza Base Camp, na kwingine familia inakausha ngege wachache ili wale kwa wiki nzima. Kazi hii ni nzuri. Inaleta chakula chenye nguvu na inaleta fedha ya sabuni na daftari.

Lakini moshi huo huo unaingia pia katika kifua cha mama na cha mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani inayotokana na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka 5.

Somo hili halikuambii uache kubanika. Linakuonyesha namna ya kuandaa kuni ili moshi uwe mchache, samaki awe mzuri zaidi, na kuni zako zidumu.

LENGO LA SOMO

Baada ya kusoma somo hili utaweza:

1. Kueleza kwa nini kuni mbichi zinaharibu samaki na afya.
2. Kutofautisha miti inayofaa na isiyofaa.
3. Kukata na kupasua kuni bila kuumia.
4. Kukausha kuni na kuzipima kama zimekauka.
5. Kuwasha moto wa kubanikia wenye moshi kidogo.

1. MOSHI MWINGI SI DAWA YA SAMAKI

Watu wengi wanaamini kwamba samaki wa moshi hakai bila kuoza mpaka apate moshi mwingi. Ndiyo maana wengine hutafuta kuni mbichi kwa makusudi, au hutupa majani mabichi juu ya moto ili moshi uwe mzito. Hilo ni kosa, na ni kosa la gharama.

Samaki anaoza kwa sababu ya vijidudu, na vijidudu vinahitaji maji ili viishi. Moto wa kubanika unafanya kazi tatu. Kwanza, joto linamwivisha samaki na kuua vijidudu vingi. Pili, joto na hewa kavu vinatoa maji mwilini mwake. Tatu, moshi unaongeza harufu na rangi, na unasaidia kidogo kuzuia vijidudu na nzi. Kazi kubwa ni ya joto na ukavu. Moshi ni msaidizi.

Sasa fikiri: kuni mbichi zina moshi mwingi lakini joto kidogo. Samaki anakuwa mweusi nje, wakati ndani bado ana maji. Mnunuzi anamwona ameiva, kumbe baada ya siku mbili au tatu ananuka karibu na mfupa. Tena weusi ule si rangi ya samaki. Ni masizi na lami ya moshi, na ndani yake mna sumu zinazoweza kuleta kansa. Kwa sababu hiyo Codex, kamati ya chakula ya FAO na Shirika la Afya Duniani, ilitoa mwaka 2009 mwongozo wa kupunguza sumu hizo katika vyakula vya kubanika. Mwongozo huo unataka kuni ziwe kavu na safi, na chakula kisiguswe na ndimi za moto.

Samaki aliyebanikwa vizuri ana rangi ya dhahabu au kahawia. Ukimshika, mkono haubaki na masizi.

2. HESABU YA MAJI YALIYOMO NDANI YA KUNI

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake. Tufanye hesabu pamoja.

Umebeba kuni mbichi kilo 10. Ndani yake, kilo 5 ni mti na kilo 5 ni maji. Maji hayo ni kama lita 5, yaani robo ya jerikeni kubwa. Ukiziweka motoni, moto lazima kwanza uchemshe lita hizo 5 na kuzigeuza mvuke, ndipo joto limfikie samaki. Ni sawa na mtu aliyeweka sufuria ya maji juu ya mafiga, akangoja mpaka yakauke yote, kisha ndiyo aanze kupika.

Ukizikausha vizuri mpaka maji yabaki sehemu moja tu katika tano za uzito, kuni hizo zitakuwa na kilo 6 na robo. Jua na upepo vimeondoa lita 3 na robo tatu za maji, bila malipo. Mzigo umekuwa mwepesi, lakini joto lake kwa samaki limeongezeka.

Kwa hiyo anayenunua kuni mbichi kwa mzigo, ajue kwamba ananunua na maji. Na anayeenda porini kila siku kutafuta kuni za leo, atachoma nyingi na kurudi tena kesho. Safari hizo ndizo zinazowaleta akina mama na wasichana katika hatari njiani, na katika ugomvi na wenyeji wa eneo. Kukausha kuni kunapunguza safari.

3. KUCHAGUA MTI

Kanuni ni hii: tafuta mti mgumu, usio na utomvu wa kunata, usio na maziwa, na unaoujua kwa jina.

Miti inayofaa

- Mgunga. Mti huu ni mgumu na makaa yake yanakaa muda mrefu. Angalia miiba.
- Mpera. Matawi yaliyopunguzwa yanatoa moshi wenye harufu nzuri kwa samaki na kwa nyama.
- Mchungwa, mlimau na mparachichi (ambao wengine huita avoka). Tumia matawi yaliyokatwa wakati wa kupogolea.
- Mbuni, yaani mti wa kahawa. Shina la zamani linapokatwa ili mti uchipue upya, usilitupe.
- Magunzi ya mahindi. Baada ya kupukuchua, yakaushe sana. Hayana joto la kudumu kama mti, lakini yanafaa kuwashia moto na kutoa moshi mwepesi mwishoni.

Miti ya kuepuka

- Msonobari na miti mingine yenye utomvu wa kunata. Moshi wake ni mweusi, una masizi, na samaki anakuwa mchungu.
- Mkaratusi. Ukikauka unafaa kupikia maharage kwenye sufuria yenye kifuniko. Lakini kwa samaki aliye wazi juu ya moto, mafuta yake yanaacha harufu kama ya dawa.
- Mnyaa, ule wa uzio wenye maziwa meupe, ambao Wanyarwanda huuita umuyenzi. Maziwa yake yakiingia jichoni yanachoma vikali na yanaweza kudhuru macho, na moshi wake unawasha macho na koo. Usiukate kwa ajili ya kuni, na usiuweke motoni hata ukiwa mkavu.
- Mti wowote usioujua. Waulize wazee au wenyeji kwanza.

Vitu vya kutotumia kabisa

- Mbao zenye rangi, vanishi au gundi, pamoja na plaiwudi.
- Nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa.
- Mifuko ya plastiki, vipande vya jerikeni, turubai, viatu vya zamani na tairi. Wengine huvitumia kuwashia moto haraka. Sumu yake inapanda moja kwa moja kwenye chakula.
- Mafuta ya taa, dizeli au oili chafu.
- Kuni zenye ukungu au zilizooza.

Kila mahali pana mti wake. Wenzetu walioko Kakuma, Kenya, wana mathenge kwa wingi, mti wenye miiba mikali ambao wengi huuona kama balaa. Lakini mti wa jamii hiyo hiyo, unaoitwa mesquite, ndio unaotumika sana Texas, Marekani, kuchomea nyama. Kama una ndugu aliyehamishiwa huko, muulize. Atakuambia kwamba wachomaji wa nyama hawatumii kuni zilizokatwa jana. Wanazipasua na kuziacha zikauke kwa miezi. Kukausha kuni si jambo la umaskini wa kambini. Ni ufundi wa wachomaji popote walipo.

4. KABLA YA KUKATA

Uliza kwanza. Usikate mti mzima ulio hai katika ardhi ya mwingine, msituni au kando ya ziwa. Kama hujui mipaka, mwone mwenyekiti wa RWC wa kijiji chako. Miti iliyo kando ya ziwa inashika udongo na ndiyo makazi ya samaki wadogo. Ukiimaliza, mwaka ujao utakuwa na kuni lakini hutakuwa na samaki.

Anza na matawi makavu, miti iliyoanguka, na matawi ya miti ya matunda iliyo katika shamba lako. Ukikata tawi, kata karibu na shina bila kuchubua gome la mti unaobaki. Na kwa kila mti unaoondoa, panda miwili.

Nendeni wawili au zaidi, mchana, na mwambieni mtu njia mnayopita.

5. KUKATA NA KUPASUA BILA KUUMIA

Kazi ya shoka inaumiza watu wengi miguuni na vidoleni. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Kagua shoka. Kichwa kisichezecheze kwenye mpini. Kama kinacheza, kaza kwa kabari ya mti mgumu. Kuloweka shoka kwenye maji kunasaidia kwa siku moja tu. Mpini ukikauka, kichwa kitaruka.

Hatua ya 2: Noa. Shoka butu ni hatari kuliko shoka kali, kwa sababu linateleza na kumgeukia mwenye nalo.

Hatua ya 3: Vaa viatu vinavyofunika vidole. Gamboti ni bora. Usipasue kuni ukiwa na kandambili au miguu mitupu.

Hatua ya 4: Waondoe watoto. Mtoto asiwe karibu kwa hatua 10, na usipasue ukiwa umebeba mtoto mgongoni. Vibanzi vinaruka.

Hatua ya 5: Kata urefu sawa. Kata vipande vyenye urefu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kuni ndefu zinatokeza nje ya jiko, watoto wanajikwaa, na makaa yanaanguka.

Hatua ya 6: Tumia kigogo cha kupasulia. Kiwe kipana, kilicho imara, na kimo chake kifike magotini. Simamisha kipande juu yake. Usikishike kwa mkono wala kukikanyaga kwa mguu.

Hatua ya 7: Simama vizuri. Tenganisha miguu, pinda magoti kidogo, na piga kwenye ufa ulio tayari kwenye mti. Ukikuta fundo, geuza kipande upande wa pili.

Hatua ya 8: Kwa vijiti vidogo tumia panga na rungu. Weka makali ya panga juu ya kijiti kilichosimama, kisha gonga mgongo wa panga kwa kipande cha mti. Njia hii haihitaji nguvu nyingi, na vidole vinakaa mbali na makali.

Pasua kuni zingali mbichi, siku ile ile au katika wiki ile ile. Miti mingi inapasuka kwa urahisi ikiwa mibichi, na gogo lisilopasuliwa linachukua muda mrefu sana kukauka, kwa kuwa gome linafungia maji ndani.

Andaa aina tatu:

(a) Vijiti vya kuwashia, unene wa kidole gumba.
(b) Kuni za moto, unene wa kifundo cha mkono.
(c) Vipande vya moshi, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, vilivyotolewa gome. Gome linabeba udongo, wadudu na ukungu.

Mwiba au shoka likikuumiza: bana jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, osha kwa maji safi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya. Usitie udongo, kinyesi cha ng'ombe wala majivu. Jeraha la mwiba linaonekana dogo, lakini ndani yake pepopunda inaweza kuanza. Muulize muuguzi kama chanjo yako ya pepopunda bado inatosha.

6. KUPANGA NA KUKAUSHA

Kuni zilizotupwa chini kwa fungu hazikauki. Za juu zinakauka, za chini zinaoza na kukaliwa na nyoka na nge.

Fanya hivi:

- Laza mawe au magogo mawili chini ili kuni zisiguse ardhi. Acha nafasi ya shubiri moja.
- Panga safu moja kwenda kulia, inayofuata kwenda kushoto, kama ukuta wenye madirisha. Upepo upite katikati.
- Weka mahali penye jua na upepo, si kugusa ukuta wa nyumba. Kuni zinazogusa ukuta wa udongo zinaleta mchwa ndani.
- Funika juu tu kwa bati au nyasi. Ukifunika pande zote kwa plastiki, mvuke unabaki ndani na kuni zinaota ukungu.
- Kabla ya kuchukua kuni, gonga fungu kwa kijiti. Usiingize mkono mahali usipoona.

Zinachukua muda gani? Hapa kwetu kiangazi kikuu ni Juni hadi Agosti. Kuni nyembamba zilizopasuliwa mwanzoni mwa Juni zinakuwa nzuri kufikia mwisho wa Julai au Agosti. Kiangazi kifupi ni Desemba hadi Februari. Wakati wa mvua, yaani Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, usitegemee kukausha nje. Tumia zile ulizoweka akiba.

Kwa hiyo tengeneza mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kutumia sasa. Fungu la pili ni la kukauka, na haliguswi. La kwanza likiisha, la pili linachukua nafasi yake, nawe unaanza jingine. Wengi wanashindwa hapa, kwa sababu ni vigumu kuziacha kuni zikae wakati jiko linazitaka. Anza kidogo: kila unapoleta mzigo, weka vijiti vitano pembeni. Baada ya miezi miwili utakuwa na fungu.

7. JE, ZIMEKAUKA?

Jaribu njia hizi. Usitegemee moja tu.

- Gonga kuni mbili. Kavu zinalia wazi, kama vibao vya shule. Mbichi zinatoa mlio mzito.
- Tazama ncha. Kavu zina nyufa zinazotoka katikati kwenda nje.
- Vuta gome. Kwenye kuni kavu linabanduka lenyewe.
- Pasua kimoja, weka upande wa ndani kwenye shavu. Ukihisi ubaridi na unyevu, bado.
- Tumia mizani. Chagua kipande kimoja, kipime kila wiki kwenye mizani ya sokoni, na uandike. Uzito ukiacha kupungua, fungu lako liko tayari.

Kuni zikitoa povu kwenye ncha zikiwa motoni, maana yake bado zina maji. Ziondoe na zirudishe juani.

8. KUTUMIA KUNI KWENYE MOTO

Samaki awe ametumbuliwa, ameoshwa, ametiwa chumvi na kuachwa achuruzike maji. Kambale mkubwa apasuliwe. Kisha moto uende kwa vipindi vitatu.

Kipindi cha kwanza: moto mdogo. Ngozi ya samaki ikauke bila kupasuka. Uchaga uwe juu, kimo cha nyonga ya mtu mzima, ili ndimi za moto zisimfikie.

Kipindi cha pili: moto wa nguvu. Ongeza kuni za moto ili samaki aive mpaka ndani. Mfungue mmoja aliye mnene kuliko wote: nyama iachane na mfupa, na pasiwe na damu. Geuza samaki ili pande zote ziive.

Kipindi cha tatu: makaa na vipande vichache vya moshi. Sasa hakuna ndimi za moto, ni joto la taratibu la kutoa maji. Tia vipande vya moshi viwili vitatu kwa wakati mmoja. Samaki wa kuliwa leo na kesho hahitaji kukaa sana. Wa kuhifadhi anahitaji saa nyingi, pengine siku ya pili, mpaka awe mwepesi na mkavu.

Angalia rangi ya moshi. Moshi mweupe mzito au wa manjano ni dalili ya kuni mbichi au moto uliokosa hewa. Moshi mzuri ni mwembamba, wa rangi ya buluu, karibu usionekane. Mafuta ya samaki au nyama yakidondoka kwenye makaa na kuwaka, sogeza makaa pembeni.

Kama unabanika kila wiki, jenga jiko lililofungwa pande zote kwa matofali ya udongo. Mfano unaojulikana ni jiko la Chorkor, lililopewa jina la kijiji cha wavuvi karibu na Accra, Ghana, na kuenezwa na FAO na watafiti wa huko yapata mwaka 1970. Ni sanduku la udongo lenye milango ya kuni chini, na juu yake trei za mbao na waya zinapangwa moja juu ya nyingine. Joto linapita kwa samaki wote kabla ya kutoka, hivyo kuni chache zinatosha. Ukitumia pipa, lisiwe lililobeba dawa za shamba au kemikali.

9. LINDA KIFUA CHA MTOTO

- Banika nje, au kwenye banda lenye paa lisilo na kuta. Simama upande upepo unakotoka.
- Mtoto asiwe mgongoni wakati wa kubanika. Mwachie dada mkubwa, bibi au jirani, na mpeane zamu. Mama mjamzito naye akae mbali na moshi.
- Usilale na makaa ndani ya nyumba, hata kama mvua inanyesha, hata kama unaogopa samaki ataibwa au ataliwa na mbwa. Makaa yasiyo na moshi bado yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaweza kuua familia nzima usingizini. Mvua ikija, ingiza samaki na acha makaa nje.
- Weka ndoo ya maji au mchanga karibu. Nyumba za nyasi na turubai zinashika moto upesi.

Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya.

Mpeleke mtoto kituo cha afya upesi kama anakohoa na:

- anapumua haraka: mara 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11; mara 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5;
- kifua chake kinaingia ndani anapovuta pumzi;
- hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, au amelegea.

Mtoto aliye chini ya miezi 2 asingojewe hata kidogo. Mpeleke mara moja. Usimwambie muuguzi kwamba ni mafua tu. Mwambie pia kama mnabanika samaki nyumbani.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, niloweke vipande vya moshi kwenye maji?
Hapana. Maji hayo yanapoza moto na kutoa mvuke kwanza. Ukitaka moshi wa taratibu, weka vipande vichache pembeni ya makaa, si katikati.

Wateja wangu wanataka samaki mweusi. Nifanye nini?
Mpasulie mteja samaki wako mbele yake, aone nyama ilivyo kavu na isivyonuka. Mweleze kwamba weusi ni masizi. Mteja akirudi baada ya wiki bila malalamiko, ameelewa.

Vumbi la mbao la fundi seremala linafaa?
Linafaa kama unajua ni la mti gani, ni kavu, na halikuchanganyika na mbao za rangi au za dawa. Kama hujui, acha.

Sina nafasi ya kukausha kuni. Nifanyeje?
Ungana na majirani. Familia tatu au nne zinaweza kuwa na fungu moja, jiko moja na zamu ya kubanika. Hivyo moto mmoja unafanya kazi ya mioto minne, na watoto wa nyumba nne wanapumua vizuri.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Joto na ukavu ndivyo vinavyomhifadhi samaki. Moshi ni msaidizi.
2. Pasua zingali mbichi, tumia zikiwa kavu.
3. Mti usioujua, mbao zenye rangi na plastiki visiguse moto wa chakula.
4. Mafungu mawili: moja la leo, moja la kesho.
5. Makaa hayalali ndani ya nyumba.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chenu, ni miti gani inatumika kubanikia? Ipi iachwe?
2. Nani katika nyumba yenu anakaa karibu na moshi kwa muda mrefu zaidi? Mnaweza kumsaidiaje?
3. Ni mwezi gani mtaanza kuweka fungu la akiba, na nani atalilinda?

Ndugu msomaji, ukimaliza somo hili usilikunje na kulifungia mandazi. Msomee jirani asiyejua kusoma, kisha mwende pamoja mkatazame fungu lake la kuni na lako. Kama kuna jambo hamkuelewa, mwulizeni mhudumu wa afya wa kijiji chenu.